Maji ya Akai

Mbele ya nyumba ya Wandera, pale Kakuma mjini karibu na laga ya Tarach, mto wa mchanga unaojaa tu mvua ikinyesha, kulikuwa na mapipa kumi na saba, na yote yalikuwa ya kuuzwa isipokuwa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alinunua mapipa ya plastiki yaliyokuja na mafuta ya kupikia au sabuni ya maji, akayasugua kwa mchanga mpaka harufu ikaisha, akayatoboa kwa chini na kuyatia bomba, kisha akawauzia watu wa mjini na wakimbizi wa kambini. Maji ya mfereji Kakuma huja yanapojisikia, kwa hiyo nani asiyehitaji pipa? Kwa miaka tisa Wandera alikuwa ameuza mengi hata akipita kambini aliyatambua milangoni mwa watu, kama mfugaji anavyowatambua mbuzi wake kwenye kundi la mwingine.

Lile moja lisilouzwa lilikuwa la bluu, nalo lilisimama peke yake kando ya mlango. Lilikuwa la Akai.

Akai alikuwa mkewe, Mturkana wa Kataboi, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kukohoa. Yeye ndiye aliyelijaza lile pipa mara ya mwisho, siku ya Jumatatu, jerikeni baada ya jerikeni. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo walikuwa wanamfukia. Tangu hapo Wandera hakuliacha likauke. Maji yakifika nusu, anaongeza. Hakulimwaga hata mara moja wala hakulisugua, yeye ambaye kutwa alisugua mapipa ya watu. Kichwani mwake, hata aongeze kiasi gani, pale chini kabisa kulibaki maji aliyoyamimina Akai kwa mkono wake. Alilifunika kwa shuka nyekundu ya marehemu, nayo shuka ikalegea katikati na kuacha nafasi pembeni za kupita kidole.

Binti yao Awino, mwenye miaka tisa, alichota humo kikombe kimoja kila asubuhi akanawa uso kabla ya kwenda shule. "Nimenawa na mama," alikuwa akisema. Na jioni, jua likianza kulainika, aliketi hapo hapo na daftari lake la hesabu, mgongo ameuegemeza kwenye pipa kwa sababu plastiki ilikuwa na ubaridi. Wandera akimtazama alifarijika, akijiambia kwamba mtoto ameketi na mama yake.

Akai alikufa Februari ya mwaka uliotangulia, katikati ya kiangazi. Homa ilipompanda, Wandera ndiye aliyecheka. Yeye alizaliwa Busia, kwenye matete na mvua, na malaria alikuwa ameiugua mara nyingi kuliko mafua. "Malaria gani bila mvua?" alimwambia mkewe. "Mbu atazaliwa wapi, kwenye mchanga?" Hata hivyo alimpeleka zahanati. Wakamdunga kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, wakangoja dakika kumi na tano. Mistari miwili ni malaria. Mstari mmoja, huna. Ukatokea mmoja. Wakampa Panadol, wakamwambia anywe maji mengi, na Akai akaenda nyumbani akanywa maji mengi kama alivyoambiwa.

Siku ya tatu alianza kutupa mikono na kusema maneno yasiyoeleweka. Gari lilipatikana mchana, likaondoka naye kuelekea hospitali ya Lodwar, na kabla ya kuvuka daraja la mwisho alikuwa amenyamaza. Huko Lodwar daktari alichungulia damu yake kwa hadubini, ile mashine ya kuonyesha visivyoonekana, akasema imejaa malaria. Alisema hivyo kukiwa na shuka juu ya uso wa mgonjwa.

"Na kile kipimo?" Wandera aliuliza.

"Vipimo vina mambo yake," daktari akajibu.

Maneno hayo Wandera aliyabeba mwaka mzima. Alimchukia chifu, akamchukia mheshimiwa aliyefungua ile zahanati kwa kukata utepe na kula mbuzi, akawachukia wote wenye kutembea na beji shingoni. Nani aliyenunua kipimo chenye mambo yake? Nani aliyekileta Turkana? Mtu huyo alikuwa na jina na kiti, na kiti hicho huenda kilikuwa kinazunguka.

Sasa Februari ilikuwa imerudi. Jumanne asubuhi pikapu nyeupe ilisimama mbele ya mapipa, wakashuka watu wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Nairobi aitwaye Byron, amevaa fulana ya mifuko mingi na ameshika upawa mweupe wenye mpini mrefu. Wa pili alikuwa muuguzi, mama wa makamo, Sista Chepchumba, ambaye Wandera aliwahi kumuuzia pipa.

"Ejok," Byron alisalimu, akijikakamua na Kiturkana chake cha wiki mbili.

"Mimi Mluhya," Wandera alisema bila kuinua kichwa. "Sema shida yako kwa Kiswahili."

"Sawa, mzae. Sisi ni watu wa utafiti. Tunaangalia hii malaria, kwa nini ikishika mtu mmoja inakuwa kali inataka kumuua, na mwingine inapita tu kama homa. Tunaomba kuangalia maji yako. Na ukikubali, tone moja la damu, yako na ya mtoto."

"Tone langu, tone la mtoto, tone la jirani. Mnajaza nini?"

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na Nyaduoth, mama wa Kinuer kutoka Sudan Kusini aliyeuza chai na maandazi. Hakuna mazungumzo yaliyompita. "Abu Awino, uzia wao pipa!" alipaza sauti. "Damu ya Busia iko nyingi, nataka pipa kubwa!"

Wateja wake wakacheka. Byron naye akacheka, akaanza kupita kwenye mapipa ya kuuzwa. Yalikuwa makavu yote. Alipofika la bluu akainua ncha ya shuka.

"Hilo usiguse," Wandera alisema.

Lakini upawa ulikuwa umekwisha kuzama. Ulipotoka, kwenye ule weupe mlikuwa na vitu vidogo kama nyuzi zilizokatika, vinajipinda na kujinyoosha, vinapanda na kushuka. Byron aliviinamia kama mtu aliyempata ndugu yake sokoni.

"Viluwiluwi," alisema. "Sista, kuja uone. Ni wale wageni." Akamgeukia Wandera. "Mzae, hawa ni mbu wapya huku kwetu. Hawangoji mvua. Hawataki dimbwi wala tope. Wanataka maji masafi ya binadamu, ya pipa, ya tangi. Kiangazi kwao ndio msimu."

 Wandera alivitazama vile vidudu vikicheza kwenye maji ya mkewe.

"Wageni tangu lini?"

"Eh?"

"Mmejua lini kwamba wako hapa?"

Byron alimtazama Chepchumba. "Kuna ripoti. Miaka mitatu hivi. Ilipelekwa juu."

"Na kipimo? Kile cha mstari mmoja?"

Hapo Chepchumba ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Kuna vijidudu vya malaria vinavyojificha, baba Awino. Damu imejaa na kipimo hakivioni. Hilo pia liliandikwa."

"Liliandikwa wapi?"

"Kwenye hiyo ripoti."

"Kwa lugha gani?"

Chepchumba alimgeukia Byron, naye Byron akauweka upawa juu ya shuka. 

"Mke wangu hakupewa ripoti," Wandera alisema. "Alipewa Panadol."

Byron alilamba midomo. "Pole sana, mzae. Kwa kweli. Lakini hii maji mwaga leo, tafadhali. Umwage, usugue kuta za ndani, mayai yao yanakwama hapo. Na ufunike vizuri."

Labda angesema Chepchumba, mambo yangekuwa mengine. Lakini lilikuwa agizo, tena lilitoka kwa mtu mwenye beji, na Wandera alikuwa ameshiba maagizo. "Maji haya yaliwekwa na mtu," alisema. "Hayatamwagwa na beji. Tone la damu yangu hampati, la mtoto wangu hampati. Ondokeni hapa kabla sijawafunika na pipa moja."

Waliondoka. Byron aliusahau upawa wake juu ya shuka, na Wandera akautupia nyuma ya nyumba. Kisha, alipobaki peke yake, alichukua kichujio cha chai, akainama juu ya pipa akachuja juu juu, vidudu kumi, ishirini, mpaka asione tena kinachocheza. Akarudisha shuka. Akajiambia kazi imekwisha, na maji ya chini hayajaguswa.

Ijumaa Awino alirudi kutoka shule mapema, akasema kichwa kinamgonga. Wandera aligusa paji la uso wake akaondoa mkono upesi, kama aliyegusa sufuria. Hakucheka safari hii. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati.

Kijana wa zahanati alimdunga mtoto kidole. Wakangoja. Wandera alikitazama kipimo bila kupepesa. Mstari wa kwanza ulijichora, mwekundu, umenyooka. Aliungojea wa pili kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Maskini, alikuwa anamwombea mtoto wake malaria.

"Negativu," kijana alisema. "Hana."

"Anayo. Mpe dawa."

"Siwezi, mzee. Dawa inatoka kwa mistari miwili. Nikitoa bila hiyo, nitaulizwa."

"Na akifa hutaulizwa?"

 Tukisema haki, si kijana aliyeitunga sheria hiyo. Aliyeitunga hakuwa na mtoto Kakuma. Kijana alitoa Panadol, akaziweka kwenye kikaratasi, akasema, "Anywe maji mengi."

Wandera alikichukua kile kipimo akakitia mfukoni. Njia nzima ya kurudi kilimchoma pajani.

Jumamosi ilikuwa afadhali kidogo, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha zaidi, kwa sababu Akai pia siku ya pili alikuwa amepata afadhali, akaomba hata samaki. Jumapili asubuhi Awino alikojoa kwenye kopo, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Wandera alimkalisha kitandani, akamwegemeza ukutani.

"Keti, mama." Alimwita mama kwa kuwa alikuwa na jina la mama yake mzazi. "Keti kidogo, unywe uji."

Mtoto aliteleza ukutani polepole, akalala ubavu. Akamkalisha tena. Akateleza tena. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama yeye. Yalitazama mahali palepale juu ya mlango ambapo macho ya Akai yalikuwa yametazama.

Wandera alitoka nje. "Nyaduoth!"

Nyaduoth alikuja na unga mikononi. Alimwangalia mtoto mara moja tu. "Watu ya pikapu," alisema. "Leo wanaenda Lodwar. Nimeona wao wanafunga mizigo kwa kituo cha mafuta."

"Mimi niliwafukuza. Nitawaambia nini?"

"Sema wewe ni mjinga. Halafu sema mtoto ni mgonjwa. Yalla, enda!"

Boda iliwapeleka, Awino katikati, kichwa chake kinagonga kifua cha baba kila kwenye shimo. Njiani Wandera aliona waziwazi jinsi itakavyokuwa: atafika, pikapu itakuwa imeondoka, atabaki ameshika mtoto kwenye lami. Kisha akaona jingine lililo baya zaidi, kwamba watakuwepo na watamkatalia. Yeye angewakatalia, angekuwa wao.

Pikapu ilikuwepo, injini inanguruma. Byron alimwona akaruka chini, na bila kusalimu akafungua begi akatoa karatasi.

"Mzae, ili tumpokee kwenye utafiti lazima kwanza uelewe na uweke sahihi. Nitakusomea..."

Wandera alirudi nyuma hatua moja, amemkumbatia mtoto. Alikuwa amesikia kambini kwamba watu wa utafiti huwagawa wagonjwa, huyu wakampa dawa, yule wakamwandika tu daftarini wamwone atafika wapi. "Niambie kitu kimoja," alisema. "Mnamtibu au mnamtazama?"

Chepchumba alikuwa amekwisha kushika mkono wa Awino. Alikifungua kiganja, akavuta chini kope la jicho, akamkalisha kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, akaona anavyoteleza. Akahesabu pumzi zake kwa saa. Akamdunga kidole, akasoma kimashine kidogo.

"Sukari imeshuka sana. Byron, weka hiyo karatasi chini."

"Sista, utaratibu..."

"Weka chini, nimesema. Lete ile sanduku." Akamgeukia Wandera. "Dawa kwanza, baba Awino. Kutazama baadaye."

Wandera alitoa kile kipimo mfukoni akakinyoosha kwake kama mtu anayekiri kosa. "Wamesema hana."

"Sihitaji hicho. Namwona mwenyewe."

Alimpa maji ya sukari kidogo kidogo chini ya ulimi. Alichanganya dawa kwenye kichupa, akaivuta, akamdunga pajani sindano ya artesunate, ile ya malaria kali. Awino hakulia. Wandera alikuwa akingoja alie. Mtoto wake aliogopa sindano kuliko mbwa. Alipokosa kulia, baba mtu ndiye aliyetokwa na machozi.

Byron, huku nyuma, alikuwa ameifungua hadubini juu ya sanduku la vifaa, akapaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akangoja, akachungulia. Alikaa muda mrefu. Alipoinua uso, ujana wote ulikuwa umemtoka.

"Zimejaa," alisema. "Kila mahali."

"Nionyeshe."

"Mzae, hakuna haja..."

"Nionyeshe kilichomla mke wangu."

Wandera aliinama akaweka jicho. Kwanza aliona mwanga tu. Kisha akaona vidude vya mviringo vya waridi, vingi, na ndani ya vingine kuna vipete vyembamba vya zambarau, kila kimoja na kito chake kidogo, kama vipuli vya msichana. Vilikuwa vizuri. Hilo ndilo lililomtia baridi mwilini. Alikuwa amekuja na chuki ya mwaka mzima, na adui mwenyewe alikuwa kipuli.

Waliondoka naye saa nane mchana, Chepchumba na Wandera nyuma pamoja na mtoto, Byron mbele na dereva. Lami iliwaka. Milima ya Pelekech ikabaki nyuma, ngamia wakasimama kando ya barabara wakiwaangalia. Wandera hakuona chochote ila kifua cha Awino. Kikipanda, alipumua. Kikichelewa, alikufa.

Na mbele kulikuwa na lile daraja. Alilijua. Lilikuwa daraja la kawaida juu ya laga kavu, lina kingo nyeupe, moja imegongwa na lori ikapinda. Hapo ndipo mkono wa Akai ulipolegea ndani ya mkono wake. Alipoanza kuiona ile kingo iliyopinda, akaingiwa na hofu ya kitoto, kwamba daraja linachukua watu wa nyumba yake.

"Mama," alisema, amemwinamia. "Awino. Usilale. Wewe na hesabu zako. Saba mara nane ni ngapi?"

 Macho ya mtoto yalikuwa yamepanda juu, nusu yake nyeupe.

"Saba mara nane, mama. Mwambie baba. Baba hajui."

Ilikuwa kweli; hakujua. Shule aliiacha darasa la tatu. Magurudumu yaligonga mwanzo wa daraja, du, na Wandera akafumba macho. Du, mwisho wa daraja. Alipofumbua, midomo ya Awino ilikuwa inasogea. Aliinamisha sikio.

"Hamsini na nne," mtoto alinong'ona.

Wandera alimwinulia Chepchumba uso. "Ni sawa?"

Muuguzi aliangalia pembeni, kwenye miiba na mchanga. "Ni sawa kabisa, baba Awino," alisema.

Lodwar walisema damu ya mtoto imepungua mno na hakuna ya kumwongeza kwenye friji. Friji ilikuwepo, nzuri, imeandikwa jina la aliyeitoa kwa herufi kubwa, na ndani hamna kitu. Wandera alikunja mkono wa shati kabla hawajamaliza kusema. Wakampima, ikafaa. Alilala akatazama damu yake ikishuka kwenye mfuko, yeye aliyekataa kutoa tone, akamwambia mhudumu, "Ongeza." Akaambiwa haiongezwi, mfuko una kipimo chake.

Siku mbili hakuna aliyemwambia atapona. Siku ya tatu Awino aliomba maandazi ya Nyaduoth, akakasirika alipoambiwa hayapo. Siku ya tano Byron alikuja wodini na karatasi zake, akasimama mbali kidogo.

"Sasa nisomee," Wandera alisema.

Byron alisoma yote, akitafuta Kiswahili cha kila neno, akikwama, jasho likimtoka. Wandera alisikiliza mpaka mwisho, akachovya kidole gumba kwenye wino akaweka alama. "Na ile ripoti?" aliuliza. "Lini mtaisomea watu wa Kakuma namna hii?"

"Nitauliza juu, mzae."

"Juu," Wandera alirudia.  Kijana hakuwa mbaya. Alikuwa mrefu tu wa shingo, anaangalia juu kila akiulizwa.

Wakati wa kutoka, Chepchumba alimwonya kwamba wiki kadhaa zijazo ndizo za kuangaliwa. Hata mtoto aliyepona kwa sindano ile damu yake inaweza kuporomoka tena. Akiona weupe viganjani au rangi ya chai kwenye mkojo, asingoje mstari wa mtu. Kwa hiyo Wandera alirudi Kakuma na mtoto aliye hai pamoja na hofu iliyo hai, na kila asubuhi alimfungua Awino viganja akavitazama mwangani.

Asubuhi ya kwanza Awino alichukua kikombe chake akaenda kwenye pipa la bluu.

"Hapana, mama. Acha."

"Nataka kunawa na mama."

Wandera aliondoa shuka. Vilikuwa vimerudi, vingi kuliko vya mwanzo, vinapanda na kushuka. Alilishika pipa kwa mikono miwili. Mwaka mzima alikuwa amelilinda, na mwaka mzima lilikuwa linazaa. Mtoto wake alikuwa ameegemea hapo kila jioni, na yeye akaona ni jambo jema. Ndiyo, waliojua walinyamaza. Angewaambia siku ya mwisho mbele ya Mungu kwamba walijua wakanyamaza. Lakini Jumanne ile aliambiwa, kwa Kiswahili, akachukua kichujio cha chai.

"Baba, usimwage!" Awino alianza kulia. "Mama anamwagika!"

Alililaza. Maji yalitoka kwa kishindo, yakakimbia mpaka kwenye njia, yakaingia mchangani. Mchanga wa Kakuma haukawii. Vile vidudu vilibaki juu, vikajipinda mara chache, vikakauka. Hakubaki maji yoyote ya mtu yeyote. Akamkumbatia mtoto mpaka kilio kikaisha, kisha akatia mchanga ndani ya pipa, akaingiza kichwa na mabega akasugua kuta zake kama ambavyo hakuwahi kusugua pipa la mteja. Shuka ya Akai akaifua, akaikunja, akamfunika nayo Awino kitandani.

Ilikuwa jioni alipomaliza. Alikwenda nyuma ya nyumba akautafuta ule upawa mweupe, akaupata kwenye takataka, akaupangusa. Akavuka uzio. Nyaduoth alikuwa na pipa la njano nyuma ya jiko, alilouziwa na Wandera mwenyewe miaka mitatu nyuma, na maji yake ndiyo ya chai ya mtaa mzima.

"Nataka kuangalia maji yako," Wandera alisema.

Nyaduoth alimtazama, akautazama upawa, akaangua kicheko. "Abu Awino! Sasa na wewe iko na pikapu? Nani ametuma wewe?"

"Hakuna aliyenituma."

Alizamisha upawa, akautoa, akamwonyesha. Kicheko cha Nyaduoth kilikatika. Aliwageukia watoto wake wawili waliokuwa wakicheza nyuma ya pipa, akawavuta kwa nguvu mpaka mmoja akaanguka. Kisha bila kuuliza tena akashika ukingo wa pipa upande mmoja, Wandera akashika wa pili, wakalilaza.

Maji yakaenda zake. Wandera aliinuka akanyoosha mgongo, na kutoka pale aliuona mtaa wote mpaka kwenye uzio wa kambi, pipa mlangoni, pipa mlangoni, ya bluu, ya njano, meupe, mengi yake ni ya mkono wake, na jua lilikuwa linalainika, saa ile ile ambayo watoto hutoka kuketi mahali penye ubaridi. Mlango wa pili ulikuwa na msichana ameegemea pipa.

"Toka hapo!" alimpigia kelele, akaanza kukimbia.